Tahadhari ya G4 imetoka: kipi kizimwe, kipi kiachwe?

Kigingi

Wakuu, habari za kazi. Jua limelipuka, daraja la X2, na tahadhari ya dhoruba ya sumaku ya G4 (daraja la nne kati ya matano) imewekwa kwa siku mbili zijazo. Vitu vinavyohusika upande huu ni vinne:

– upimaji wa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita): besi moja inayokaa mahali pamoja na kutuma masahihisho, na rova mbili za kutembea nazo, zote za L1/L2 (masafa mawili ya GPS)
– redio ya mawimbi mafupi, 7 MHz, kwa timu zilizo nje ya mtandao wa simu, umbali usiozidi km 300
– chumba cha seva chenye mzigo wa wati 600 na UPS ya betri nne za 12 V 100 Ah, za risasi
– intaneti ya fiba

Kuna wanaoshauri kuchomoa kila kitu ukutani na kufunga simu kwenye foili. Lipi lina msingi na lipi ni porojo? Na kazi ya upimaji isimame lini hasa?

Dira_Jua

Mkuu, kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvitia kapu moja. Jua likilipuka hutoa mwanga na eksirei, linaweza kurusha protoni zenye kasi kubwa, na mara nyingine hutema wingu la plazma lililobeba uga wake wa sumaku, lile linaloandikwa CME kwenye tahadhari. Kila kimoja kina saa yake na mwathirika wake.

Eksirei hufika baada ya dakika 8 na sekunde 20, sawa na mwanga, kwa hiyo hazina onyo. Herufi na namba za daraja hupima hizi tu: X1 ni wati 0.0001 kwa mita ya mraba, M1 ni moja ya kumi ya hapo, X10 ni mara kumi. Huathiri upande wa Dunia ulio mchana peke yake. Hiyo X2 yako ilishamaliza kazi kabla hujafungua uzi huu.

Protoni huchukua dakika kadhaa hadi saa kadhaa. Zinasumbua setilaiti (biti hugeuka kwenye kumbukumbu, kamera za kuelekeza kwa nyota huona chengachenga) na ndege zinazopita karibu na ncha za Dunia. Ofisini kwako hazina habari.

Wingu ndilo linaloleta G. Husafiri kilomita 250 hadi 3,000 kwa sekunde, kwa hiyo kali sana hufika ndani ya saa 15 hadi 18 na la kawaida huchukua siku mbili hadi nne. Lile la Septemba 1859 lilitumia takriban saa 17 na nusu. Usikisie ukali wa dhoruba kwa daraja la mlipuko: X10 iliyotemea pembeni inaweza isituguse, na M ya kati iliyotema wingu usoni kwetu ikaleta G4.

Sasa, tahadhari ya siku mbili ni makadirio. Wingu limeonekana likitoka, kasi imekisiwa, na saa ya kufika inaweza kukosewa kwa saa 6 hadi 12, mbele au nyuma. Jambo kubwa zaidi bado halijulikani: uga ulio ndani ya wingu umeelekea kaskazini au kusini. Ukielekea kusini unaungana na uga wa Dunia na nishati inamwagika ndani. Ukielekea kaskazini, sehemu kubwa inapita pembeni. Hilo hupimwa na setilaiti zilizo km milioni 1.5 kutoka hapa upande wa jua, kama ACE. Wingu likija kwa 800 km/s, kutoka hapo hadi kwetu ni dakika 31. Kwa hiyo siku mbili ni za kujiandaa, nusu saa ndiyo ya kuamua.

Namba za kutazama kwenye ukurasa wa NOAA, idara ya Marekani inayotoa tahadhari hizi, ni mbili: Bz (uga wa wingu kuelekea kaskazini, na ukiwa hasi ni kusini) na kasi. Bz ikishuka chini ya −10 nanotesla na kukaa huko saa kadhaa, dhoruba ipo. Ikiruka juu na chini ya sifuri kila dakika chache, subiri. Kp usiitumie kuamua, kwa sababu ni kipimo cha mtikisiko wa uga wa Dunia kwa vipindi vya saa tatu na kinakueleza yaliyokwishapita.

Mshumaa

Lakini mwaka 1859 telegrafu ziliwapiga watu shoti, na laini ya Boston hadi Portland ilifanya kazi bila betri kabisa. Kama waya wa telegrafu ulipata umeme kutoka angani, kwa nini waya wa nyumbani usipate? Mimi ningechomoa.

Nyaya_Ndefu

@Mshumaa jibu ni urefu. Dhoruba ikitikisa uga wa sumaku, ardhi yenyewe hupata volteji, na hiyo huhesabiwa kwa volti kwa kilomita. Tuchukue 2 V/km, ambayo ni dhoruba kali kweli. Waya wa nyumbani wa mita 20 unapata volti 0.04. Chaja yako haiwezi hata kuigundua. Laini ya umeme ya km 150 inapata volti 300.

Sasa tuifuate hiyo 300. Inaingia kwenye laini kupitia athi ya nyutro ya transfoma ya kituo kimoja na kutokea athi ya kituo cha pili. Jumlisha ukinzani wa njia nzima (nyaya tatu zikiwa sambamba, vilima vya transfoma mbili, athi mbili), tuseme omu 3. Mkondo ni ampea 100 kwenye nyutro, yaani 33 hivi kwa kila fezi. Kwa laini inayobeba mamia ya ampea hizo zinaonekana chache, ila hizi zinabadilika polepole, dakika kwa dakika, na kwa transfoma ni sawa na DC. Transfoma kubwa hutumia ampea chache tu kusumakisha kiini chake. Ukiisukumia 33 za DC, kiini kinashiba kwenye nusu moja ya kila mzunguko wa AC. Hapo ndipo balaa huanza: transfoma inanguruma, vyuma vya pembeni na mafuta vinapata joto, inavuta kVAr (nguvu isiyofanya kazi, inayoshusha volteji) nyingi isivyo kawaida, na inatoa hamoniki, yaani mikondo ya masafa yaliyo vizidisho vya yale ya gridi.

Wengi hufikiri kinachoangusha gridi ni transfoma kuungua. Mara nyingi ni hamoniki. Quebec, Canada, tarehe 13 Machi 1989: mitambo saba ya kushikilia volteji ilisoma hamoniki kama hitilafu yake yenyewe ikajizima mmoja baada ya mwingine, na gridi nzima ikalala ndani ya sekunde 90 hivi. Watu milioni 6 walikaa gizani, wengi wao kwa saa 9. Laini zao za kV 735 zilikuwa na urefu wa km 1,000 hivi, juu ya mwamba mkongwe usiopitisha umeme vizuri, na mkondo unaokataliwa na mwamba hupanda kwenye waya. Malmö, Sweden, tarehe 30 Oktoba 2003, umeme ulikatika kwa chini ya saa moja kwa sababu ileile ya rilei (swichi za ulinzi) kudanganyika.

Aina ya transfoma nayo ina neno lake. Zenye kiini cha miguu mitatu huvumilia zaidi. Benki za fezi mojamoja ndizo dhaifu. Waendeshaji wa gridi wakipata onyo hurudisha laini zilizokuwa kwenye matengenezo, hupunguza mzigo kwenye laini ndefu na kuweka akiba ya kVAr. Penye kapasita za mfululizo kwenye laini, DC haipiti.

Kwako Kigingi: usichomoe kitu kwa sababu wingu linakuja. Kizuia radi nacho hakihusiki hapa, kinangoja volti mia kadhaa za ghafla na hizo hazitafika kwako. Linaloweza kukufikia ni umeme kukatika, na hasa umeme *kurudi*, maana gridi ikiunganishwa kipande kwa kipande volteji hupanda na kushuka. Ukikatika, shusha swichi za vitu vizito: viyoyozi, pampu, friji. Ukirudi, subiri dakika 10 hadi 15, pima volteji, kisha washa kimoja kimoja.

Foili irudi jikoni. Ushauri huo umeazimwa kwenye habari za bomu la nyuklia linalolipuliwa juu angani, ambalo hutoa pigo la nanosekunde linaloingia hata kwenye kijiwaya cha sentimita chache. Jua halitoi pigo la namna hiyo.

Fiba: kioo hakibebi umeme. Nyaya za baharini zina ripita kila km 50 hadi 100, na hizo hulishwa DC kwa kondakta inayopita ndani ya kebo, volti elfu kadhaa kutoka pwani, kwa hiyo dhoruba huongeza au hupunguza volti kwenye njia hiyo. Vyanzo vya umeme vya pwani hutengenezwa viweze kufidia. Kwa G4 sioni sababu ya kukosa usingizi. Uliza badala yake kabati la fiba la mtaani lina betri ya saa ngapi.

Rova_Fiksi

RTK ndiyo itakayoumia kwanza, na itaumia kimyakimya.

Ishara ya GPS hucheleweshwa na ayonosfia, tabaka la anga la juu lenye elektroni huru, kulingana na wingi wa elektroni njiani. Kipimo chake ni TECU, na kila TECU 1 huongeza sentimita 16 kwenye L1. Ayonosfia ya TECU 100 ni mita 16. Kwa kuwa una masafa mawili, sehemu kubwa ya ucheleweshaji inafutika kwa hesabu. Kisichofutika ni kumetameta: elektroni zikikaa kwa mafungumafungu, ishara inayumba kama nyota inavyoyumba machoni. Kwenye skrini utaona nguvu ya setilaiti iliyokuwa 45 dB-Hz ikianguka hadi 30 na kurudi, ndani ya sekunde chache, na L2 ndiyo huanza kuachia. Karibu na ikweta ya sumaku kumetameta huja hasa baada ya jua kuzama, hadi kama usiku wa manane. Panga pointi muhimu asubuhi.

Mipangilio:

Besi isogezwe. RTK inafanya kazi kwa dhana kwamba besi na rova zinaona anga moja. Siku tulivu km 15 zinapita. Siku ya dhoruba weka ndani ya km 5. Pembe ya chini ya setilaiti ipandishe kutoka digrii 10 hadi 15, kwa sababu setilaiti iliyo chini hupitia ayonosfia nene zaidi. Usivuke 20, utabaki na setilaiti chache na jiometri mbovu. Washa makundi yote ambayo kifaa kinapokea: GPS, GLONASS, Galileo, BeiDou. Rekodi data ghafi ya kila sekunde 1, besi na rova zote, ili lisilofungika uwanjani lihesabiwe baadaye. Umri wa masahihisho yanayotoka besi ukizidi sekunde 5, usihifadhi pointi.

Hatari kubwa ni fiksi ya uongo. Fiksi ni rova kufunga hesabu ya mawimbi mazima kutoka setilaiti. Skrini inaandika fiksi, usahihi sentimita 1, kumbe idadi ya mawimbi imekosewa na pointi imehama sentimita 20 au zaidi. Kifaa hakikuambii. Dawa yake ni kigingi kinachojulikana (jina lako linafaa hapa, mkuu). Simika rova juu yake, soma, tupa fiksi, anzisha upya, soma tena, halafu mara ya tatu ukiwa umegeuza fimbo. Masomo yakipishana zaidi ya sm 2 kwa mlalo au sm 4 kwa wima, simamisha kazi. Rudia kila baada ya saa moja, na pointi zote za katikati ya ukaguzi mzuri na mbaya zipigwe alama ya shaka.

Ukadhani ni nadharia: kwenye dhoruba ya G5 ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, trekta zinazojiendesha kwa RTK huko Marekani zilikosa mwelekeo katikati ya msimu wa kupanda. Ubaya wa mstari uliohama ni kwamba ukirudi kupalilia kwa mashine inayofuata mistari ileile, unapalilia mahindi yenyewe.

Kuna tatizo la pili, la nadra: jua lenyewe hupiga kelele za redio kwenye masafa ya GPS. Tarehe 6 Desemba 2006 vipokezi vingi upande wa mchana vilipoteza setilaiti kwa dakika kadhaa. Hilo halina mpangilio wa kulizuia. Linapita lenyewe.

Kigingi

Shukrani wakuu, hili la fiksi ya uongo sikulitarajia. Bado 7 MHz, na betri. Pia saa za seva: zinachukua muda kutoka kipokezi kimoja cha GPS kilichoko paani.

MawimbiMafupi

Redio ina vipindi viwili, na dawa zake zinapingana. Watu hukosea hapa kila mara.

Mlipuko (eksirei) hunenepesha tabaka la chini la ayonosfia, la D, nalo hufyonza mawimbi. Ufyonzaji hupungua kwa mraba wa masafa: kwa 14 MHz ni robo ya ule wa 7 MHz. Kwa hiyo masafa ya chini hufa kwanza na kurudi mwisho. Kwa kanuni inayotumika, X1 ikiwa jua limekaa utosini huathiri hadi kama 25 MHz, M1 hadi 15. Ukiwa na 7 MHz mchana, redio itakuwa kimya kabisa, hata kelele za kawaida hupotea, na mtu hudhani antena imekatika. Usiifungue redio kuitengeneza. Usiongeze nguvu pia: kutoka wati 100 kwenda 400 ni dB 6, na ufyonzaji unaweza kufika makumi ya dB. Subiri nusu saa hadi saa moja na nusu, au kama njia inaruhusu panda 14 au 18.

Wingu likifika, mambo yanageuka. Tabaka la juu, la F, hukonda, na masafa ya juu hupenya kwenda angani badala ya kurudi. Hapo *shuka*: 5 MHz, 3.5 MHz, yoyote uliyo na kibali nayo. Kwa umbali wenu wa chini ya km 300 mnahitaji wimbi lipande wima na kushuka, kwa hiyo dipoli (antena ya waya) ikae chini, mita 3 hadi 5 kutoka ardhini. Urefu wake kwa 7 MHz ni mita 20.4 jumla (gawa 143 kwa megahezi). Kwa 3.5 MHz ni mita 40.9. Kata waya ya pili leo, si kesho.

Timu zisitoke bila ratiba iliyoandikwa: dakika 00 ya kila saa masafa makuu, dakika 10 masafa ya pili, dakika 20 ya tatu. Asiyesikika hapati amri ya kuhama kwa redio iliyokufa.

Nyaya_Ndefu

Betri. Nne × 12 V × 100 Ah = Wh 4,800. Za risasi usizishushe chini ya nusu: 2,400. Inveta ikiwa na ufanisi wa 85%: 2,040. Gawa kwa 600 ni saa 3 na dakika 24. Ila ile 100 Ah imeandikwa kwa kuitoa ndani ya saa 20, yaani ampea 5. Wewe, betri zote nne zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo kuwa 48 V, utavuta karibu 15, uwezo halisi unapungua. Andika saa 3, na hiyo ni kama betri bado ni nzima.

Ukitaka kuvuka saa 9 kama za Quebec: 600 × 9 = 5,400; gawa kwa 0.85, gawa kwa 0.5, unapata Wh 12,700. Ni betri 11, na kwa mfumo wa 48 V zinakwenda nne nne, kwa hiyo 12. Rahisi zaidi ni kuorodhesha seva zinazoweza kuzimwa dakika ya tano. Ukishusha mzigo hadi wati 200, betri zako hizo nne zinakupa saa 10.

SaaMoja

Kipokezi kimoja cha GPS kama chanzo pekee ni kosa hata jua likiwa limelala. Weka vyanzo vinne vya NTP (njia ya seva kupokea saa kwa mtandao), GPS kikiwa kimojawapo, vitatu kupitia fiba kutoka watoa huduma tofauti. Vinne, kwa sababu vikiwa viwili vikapingana, seva haijui mwongo ni nani.

Vyote vikikatika, kila kitu kinategemea kioo (kristali inayoendesha saa) kilichomo ndani ya kifaa. Kioo cha kawaida cha bodi hupotea sehemu 20 kwa milioni: sekunde 1.7 kwa siku. Kwa kumbukumbu za seva na barua pepe hiyo inavumilika. Wanaoumia ni minara ya 4G na 5G inayopokezana kutuma na kupokea kwenye masafa yaleyale, maana inatakiwa isipishane zaidi ya mikrosekunde 1.5. Kioo kizuri cha ndani ya oveni, kikikosea sehemu 1 kwa bilioni 10, kinavuka mpaka huo baada ya saa 4 hivi. Cha rubidiamu, bora mara kumi, kinafikia 0.9 tu baada ya siku nzima. Ndiyo maana simu zinaweza kuanza kusuasua saa kadhaa baada ya GPS kuharibika, na mtu akatafuta kosa pasipo.

Usiwashe upya kipokezi cha paani wakati wa dhoruba. Kikishika setilaiti hata mbili tatu kinajishikilia. Ukikizima kinaanza sifuri, na anga chafu haikupi nafasi ya kuanza.

Kigingi

Safi. La mwisho: dhoruba ikishaanza, tunahesabu saa ngapi mpaka rova zirudi kazini?

Dira_Jua

Usihesabu saa. Bz ikirudi juu ya −5 na kukaa hapo, kipindi kikali kimekwisha, ila ayonosfia hutaka siku moja hadi tatu kutulia. Kabla ya hapo angalia kama kuna wingu la pili nyuma. Mei 2024 yalikuwa kadhaa kutoka kundi moja la madoa ya jua, yakafuatana na kusukumana, na waliotangaza kwamba imekwisha baada ya saa chache za utulivu walijikuta wanaanza upya.

Rova_Fiksi

Na kigingi kipite mara tatu mfululizo, kila baada ya nusu saa, kabla hujapima kipya. Ukaguzi mmoja wakati wa kutulia haukuambii kitu. Zile pointi za shaka usizifute, data ghafi unayo. Zihesabu upya baada ya siku mbili tatu, zikishatoka njia sahihi za setilaiti na data za vituo vya kudumu vilivyo jirani, na nyingi zitafungika.